Ngome ya Salahuddin: watoto wetu waelezwe yote

Wengi wetu tukisikia Cairo hukumbuka Al-Azhar. Lakini mgeni anayeinua macho mjini humo huiona ngome iliyojengwa juu ya mwamba wa Muqattam, inayobeba jina la Sultani Salahuddin Al-Ayyubi.

Ujenzi ulianza mwaka 1176, zama za Vita vya Msalaba, chini ya usimamizi wa Amiri Bahauddin Qaraqush. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita hapo mwaka 1183 akielekea Hija, alisimulia kuwa aliwaona mateka wa vita hivyo wakifanya kazi ya kukata mawe na kuchimba handaki. Ndani ya mwamba kilichimbwa kisima chenye kina cha takriban mita 90, ambacho maji yake yalipandishwa kwa nguvu za ng'ombe. Huitwa Kisima cha Yusuf. Wako wanaodhani anayekusudiwa ni Nabii Yusuf (A.S.), kumbe Yusuf ndilo jina la Salahuddin mwenyewe. Naye hakujaaliwa kukaa humo. Alifariki Damascus mwaka 1193, na kazi ikakamilishwa na Al-Kamil, mtoto wa ndugu yake. Watawala wa Misri waliifanya makao yao hadi mwaka 1874.

Lipo jambo ambalo sisi tunaona halifai kurukwa. Tarehe 1 Machi 1811, Muhammad Ali Pasha aliwaalika viongozi wa Wamamluki kwenye sherehe ya kumuaga mwanawe aliyekuwa akiongoza jeshi kwenda Arabuni. Walipokuwa wakitoka kwa njia nyembamba iteremkayo kwenye lango la Al-Azab, milango ilifungwa, wakamiminiwa risasi. Kuta zilizojengwa kumzuia adui zikawafungia Waislamu, wakauawa na Waislamu wenzao. Msikiti wenye minara miembamba, ambao wengi huupiga picha wakidhani ni wa Salahuddin, ulianza kujengwa na Pasha huyohuyo mwaka 1830, na kaburi lake limo ndani yake.

Anayezuru na jamaa zake tunamshauri aende asubuhi kabla ya jua kali, akaanzie Msikiti wa An-Nasir Muhammad, wa mwaka 1318. Hauna fahari ya ule mwingine, lakini una utulivu, na nguzo zake zilitolewa katika majengo ya kale zaidi. Kisha asogee ukingoni mwa ngome, penye mandhari ya mji. Chini huonekana Msikiti wa Sultan Hassan, na hewa ikiwa safi, hata mapiramidi ya Giza. Lango la Al-Azab liko upande huohuo. Watoto waonyeshwe nalo.