Umehamia mji mgeni? Acha kukimbilia matatu ya Ijumaa

IJUMAA saa kumi jioni, nenda steji ya Wote uwatazame wanaopanda matatu za Nairobi. Wengi ni vijana wa rika lako, begi mgongoni, simu mkononi. Kazi wanafanya Makueni, maisha wanaishi Nairobi. Jumatatu asubuhi utawaona tena wakishuka palepale, macho mekundu kwa usingizi.

Kama wewe ni mmoja wao, au umepata barua ya kazi ama ya chuo inayokupeleka Kitui au Makueni na roho inakudunda, makala hii ni yako. Najua maswali unayojiuliza usiku. Nitakaa na nani? Watanicheka? Nikiugua, nani atajua?

Hofu hiyo si upuzi, na haimaanishi wewe ni mnyonge. Umeacha watu waliokujua tangu utotoni, mbogi yako ya mtaani, hata yule mwenye duka aliyekukopesha maziwa bila kuandika popote. Sasa uko mahali ambapo hakuna anayejua kama unapenda chai ya tangawizi au kama ulifiwa mwaka jana. Nani asingetetemeka kidogo?

Jua kwanza unakokwenda

Ukiambiwa "Kitui", usifikirie mji mmoja. Kaunti hiyo ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba. Aliyetumwa Mwingi, kwenye barabara ya Garissa, na aliyetumwa Mutomo, upande wa kusini, wanaweza kumaliza mwaka bila kukutana. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU) nacho kiko Kwa Vonza, nje ya mji wa Kitui. Ukija ukitarajia taa za mjini, utapokewa na vichaka.

Makueni ni vivyo hivyo. Wote ndiyo makao makuu ya kaunti, lakini Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ziko kwenye barabara kuu ya Mombasa, na maisha ya huko hufuata malori na wasafiri. Ukipanda Mbooni utakuta milima, na utajuta kuacha sweta.

Kwa hivyo uliza mapema. Na kabla ya kulipa kodi ya nyumba, muulize jirani, si landilodi, maji hutoka siku gani za wiki na mwenye mkokoteni wa punda hupita saa ngapi. Utapata jibu la kweli, na pia utakuwa umepata mazungumzo yako ya kwanza.

"Lakini sijui Kikamba"

Hili ndilo linalowatisha wengi. Unaingia ofisini, wenzako wanacheka kwa Kikamba, unahisi wanakucheka wewe. Mara nyingi si wewe. Ni stori ya jana tu, na wamesahau kwamba upo.

Kwanza, ujue hukuja kwa hisani ya mtu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti husika. Waliotunga sheria walijua kwamba kaunti ingehitaji watu kama wewe.

Pili, hata Wakamba wenyewe hawaponi. Muulize kijana anayeitwa Mutua au Mwende aliyelelewa Nairobi. Anasalimiwa kwa Kikamba, anajibu kwa Kiswahili, na papo hapo anaulizwa yeye ni Mkamba wa wapi. Muulize pia mtu wa Kitui aliyehamia Wote. Mto Athi ndio mpaka wa kaunti hizi mbili, na Kikamba cha ng'ambo moja kina tofauti na cha ng'ambo ya pili. Akifungua mdomo tu, watu wanamtambua na kuanza kumwigiza.

Utani wa namna hiyo mara nyingi ni mlango, si ukuta. Jifunze maneno machache. Ukiulizwa "Wi museo?" jibu "Ni museo." Ukipewa kitu, sema "Ni muvea," yaani asante. Utayatamka vibaya, watu watacheka, kisha watakurekebisha. Mtu akishaanza kukufundisha lugha yake, tayari ana sababu ya kukusalimia kesho.

Waliokutangulia pia walikuwa wageni

Kuna jambo ambalo huenda hukulijua. Sehemu kubwa ya nyanda za Makueni ilijengwa na watu waliohama kama wewe.

Miaka ya 1940, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuhamishia familia huko kutoka milimani, ambako watu walikuwa wamebanana na udongo umechoka. Vichaka vilibidi kufyekwa kwanza kwa sababu ya mbung'o. Baada ya Uhuru, familia nyingine nyingi ziliteremka kutafuta mashamba, hadi kule Kibwezi. Yule mzee wa Wote unayemwona kama mwenyeji kamili, huenda baba yake alifika akiwa hamjui jirani hata mmoja.

Waliwezaje? Wakamba wana desturi inayoitwa mwethya. Majirani hukusanyika, leo wanalima shamba la huyu, kesho la yule. Kwa njia hiyo yamechimbwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, na vikundi vya vijijini vimejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu. Kwenye mwethya huulizwi kama wewe ni mcheshi au umevaa nini. Unaulizwa kama umekuja na jembe.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tukihamia mji mpya. Tunahangaika tupendwe, kumbe kinachotakiwa ni tuonekane, leo, kesho na wiki ijayo.

Hesabu ya wikendi

Sasa turudi kwenye matatu ya Ijumaa. Ukiondoka kila wikendi, unachokijua kuhusu mji ni ofisi, duka la chini ya ploti na steji. Lakini Jumamosi ndipo watu huenda mazishini, harusini na uwanjani. Jumapili ndipo watu hukaa baada ya kanisa wakaongea, na vyama vingi hukutana. Wewe haupo. Baada ya miezi sita unalalamika kwamba watu wa hapa ni wagumu, ilhali wamekuona siku za kazi tu, ukitembea haraka.

Sikukatazi kwenda nyumbani. Mama anataka kukuona. Ila jaribu mara moja kwa mwezi, na wikendi zilizobaki uzitumie papo hapo. Ukiwa Wote, shinda kwenye bustani ya umma ambako vijana wa mji hupumzikia. Ukiwa Kitui, tafuta watu mwende Nzambani, lile jabali maarufu linalosimuliwa kwamba ukilizunguka mara saba unageuka jinsia. Jua la huko litakuchosha kabla ya mzunguko wa tatu, lakini mtarudi mkiwa na stori moja mnayoijua nyote.

Na kama hakuna wa kwenda naye bado, chagua kitu kimoja kinachofanyika kila wiki: timu ya mpira, kwaya, chama, mazoezi ya asubuhi. Kimoja tu. Fika kwa wakati, beba viti, kaa hadi mwisho. Ukisikia mtu wa ofisini amefiwa, toa mchango wako hata ukiwa mdogo, na ukiweza nenda mazishini. Hutaombwa uzungumze. Watakuona umekuja, basi.

Usinunue urafiki, lakini. Ukianza kulipia kila mtu vinywaji mwezi wa kwanza, utapata wengi, na mshahara ukiisha watakwisha nao. Na si kila anayekuchangamkia ni wa kuaminiwa. Nenda polepole.

Mama wa muthokoi

Mimi nilijifunza haya mjini Kitui. Miezi minne ya kwanza nilihesabu kwamba sina rafiki. Jioni nilikuwa napita kibanda kimoja, nanunua muthokoi, namsalimia mama muuzaji, naenda zangu. Hata jina lake sikulijua. Nilikuwa nimeanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Kisha nikashikwa na homa, nikalala siku tatu bila kumwambia mtu. Jioni ya tatu mlango ukagongwa. Alikuwa keateka wa ploti, ameshika bakuli lililofunikwa.

"Mwaitu wa kibandani anauliza kama umehama," akasema. "Nikamwambia taa yako inawaka. Akasema basi wewe ni mgonjwa."

Nilikula nikilia, na si kwa sababu ya homa. Nilidhani mji mzima haunijui, kumbe kuna mtu alikuwa akihesabu siku zangu. Nilipopona nilikwenda kumshukuru na kumuuliza jina. Alicheka, akasema alikuwa akingoja niulize. Barua ile sikuimaliza.

Kwa hivyo usijipime kwa idadi ya marafiki, wala kwa watu wanaopenda picha zako mtandaoni. Jiulize swali moja: nikikosekana siku tatu, nani katika mji huu atauliza? Kama jibu ni mtu mmoja, umeanza. Kama ni hakuna, usikate tamaa. Huenda yupo na hujamuuliza jina. Na kama upweke unakunyima usingizi na chakula wiki baada ya wiki, usiubebe peke yako. Mpigie mtu wa nyumbani, na uende hospitali umwone mhudumu. Hata huo ni ugonjwa unaotibiwa.

Ijumaa hii matatu ikipiga honi, iache iende. Nenda pale unaponunua chakula kila siku, keti badala ya kufungiwa, na uulize jina.