Je, Wajua? Protini za Jicho Lako Zilikutangulia Kuzaliwa

Ngozi hujivua na kuota upya. Chembe za damu hutengenezwa kila siku, na hata mifupa hubomolewa na kujengwa tena kidogo kidogo. Lakini katikati kabisa ya lenzi ya jicho, nyuma ya mboni, zimo protini zilizoundwa ukiwa bado tumboni mwa mama. Hazijawahi kubadilishwa, na usipotolewa lenzi utazikwa nazo.

Wanasayansi wameitumia sifa hii kupimia umri. Mwaka 2016, watafiti walioongozwa kutoka Denmark walichunguza kaboni iliyomo katikati ya lenzi za papa wa Greenland, samaki wa bahari za baridi kali. Walikuta kwamba mkubwa kati ya papa hao alikuwa ameishi si chini ya miaka 272. Kipimo hicho kiliwezekana kwa sababu kilichowekwa katikati ya lenzi hakitolewi tena.

Kwa mkazi wa Pwani ya Kusini, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, jambo hili lina sura anayoijua vizuri: babu au nyanya mwenye weupe kwenye mboni, anayeshikwa mkono ili afike uani. Huo ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wowote, Kenya na duniani kwa jumla. Wengi husema ni uzee tu. Kwa kweli ni ajali ya protini, na ajali ya aina hiyohiyo ndiyo inayohusishwa na magonjwa ya kusahau na kutetemeka uzeeni.

Mnyororo usiokunjwa haufanyi kazi

Ndani ya seli mna mitambo midogo mno iitwayo ribosomu. Humo asidi amino huungwa moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ulioandikwa kwenye jeni, hadi upatikane mnyororo mrefu. Mnyororo huo ukibaki umenyooka hauna faida. Sharti ujikunje na kujisokota mpaka upate umbo lake maalumu, kwa sababu umbo ndilo linaloipa protini kazi yake. Himoglobini hubeba oksijeni, na insulini huamuru sukari itoke kwenye damu iingie kwenye seli. Umbo likiharibika, kazi nayo huharibika.

Mmarekani Christian Anfinsen alishinda Tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa utafiti ulioonyesha kwamba maelekezo ya kukunjika yamo ndani ya mnyororo wenyewe. Mwaka 2024, Nobel ya kemia iliwaendea David Baker, Demis Hassabis na John Jumper. Hao wawili wa mwisho walituzwa kwa AlphaFold, programu ya kompyuta inayobashiri umbo la protini kwa kusoma mpangilio wa asidi amino zake.

Hata hivyo, kupata umbo ni kazi moja na kulidumisha ni nyingine. Joto, mwanga mkali, sukari na kemikali huilegeza protini. Ikilegea, sehemu zake zisizopatana na maji, ambazo kwa kawaida hufichwa ndani, hubaki wazi na kunatana na za protini jirani. Baada ya muda huwa donge. Chemsha yai uone: ute uliokuwa angavu hugeuka mweupe na mgumu, si kwa kuongezwa chochote, bali kwa sababu protini zake zimekunjuka na kushikana. Likishachemka, kulipoza hakulirudishi kuwa bichi.

Seli haikai tu kusubiri msiba huo. Ina protini maalumu tunazoweza kuziita walezi, ambazo huzikamata zile zinazolegea kabla hazijaungana. Pia ina mfumo wa kuzivunja zilizoharibika na kutumia tena vipande vyake. Umri unapokwenda, walezi hupungua na usafishaji huzorota. Hapo ndipo madonge hupata nafasi.

Lenzi isiyo na fundi

Lenzi ya mtu mzima ina upana wa takriban milimita 9 na unene wa milimita 4 hivi. Haina mshipa hata mmoja wa damu, kwani damu ingezuia mwanga. Kwa sababu hiyohiyo, seli zake zinapokomaa hutupa kiini, ribosomu na kila kitu ambacho kingeleta kivuli. Kinachobaki ni maji na protini ziitwazo kristalini, zilizosongamana kwa utaratibu kiasi kwamba mwanga hupita kama hapana kitu. Protini pekee huchukua karibu theluthi ya uzito wa lenzi.

Uangavu huo una gharama yake. Seli isiyo na ribosomu haiwezi kutengeneza protini mpya, kwa hiyo iliyoharibika haina mbadala. Lenzi inategemea akiba iliyowekewa tangu mwanzo. Mwaka 1992, Joseph Horwitz alionyesha kwamba mojawapo ya kristalini hizo, alfa-kristalini, si ya kujaza nafasi tu: ni mlezi. Huzikamata kristalini nyingine zinapolegea na kuzizuia zisigande. Lakini kila inayokamata imeshatumika. Mtu anapofikia miaka ya arubaini, alfa-kristalini iliyo huru katikati ya lenzi huwa imekwisha au imekaribia kwisha. Ni umri uleule ambao lenzi imekuwa ngumu, na mtu huanza kunyoosha mkono ili asome ujumbe wa M-Pesa.

Kuanzia hapo madonge hujengeka polepole. Mwanga badala ya kupita hutawanyika. Taa za bodaboda usiku katika barabara ya Ukunda huonekana zimezungukwa na duara za mng'aro. Lenzi huwa ya manjano na kuzuia rangi ya buluu. Mama aliyesuka mikeka maisha yake yote huanza kuchanganya ukindu wa buluu na mweusi, na wajukuu hudhani kazi imemchosha. Miaka michache baadaye mboni imekuwa nyeupe.

Jua, sukari na moshi

Uzee pekee hautoshi kueleza kwa nini mmoja hupofuka akiwa na miaka 55 na mwenzake anasoma gazeti akiwa na 80. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti kuhusu watu 838 waliofanya kazi majini katika ghuba ya Chesapeake, Marekani. Ilibainika kwamba kila mionzi ya urujuanimno iliyopiga macho maishani ilipoongezeka maradufu, hatari ya aina moja ya mtoto wa jicho ilipanda kwa asilimia 60. Mvuvi wa Gazi, Msambweni au Shimoni hupigwa na jua kutoka juu, kisha hupigwa tena na lile linaloakisiwa na maji. Kofia ya ukindu yenye ukingo mpana si pambo la kuwauzia watalii wa Diani peke yao.

Sukari nayo ina lake. Ikizidi kwenye damu, hujishikiza kwenye protini bila kuitwa. Hospitalini, kipimo cha kuonyesha hali ya sukari kwa miezi mitatu husoma kiasi cha sukari kilichonata kwenye himoglobini. Himoglobini ina bahati, kwani chembe nyekundu huishi siku 120 hivi kisha huondolewa. Protini ya lenzi haiondolewi, na kila kinachonata humo ni cha kudumu. Ndiyo maana mwenye kisukari hupata mtoto wa jicho mapema. Mvutaji sigara vilevile.

Ndugu zake walioko ubongoni

Mwaka 1906, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza alichokiona katika ubongo wa mwanamke aliyekufa akiwa amepoteza kumbukumbu: madonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua kwamba madonge hayo ni ya protini iitwayo beta-amiloidi na nyuzi ni za protini iitwayo tau. Katika ugonjwa wa Parkinson, inayoganda ni alfa-sinukleini. Seli nyingi za neva, kama zile za lenzi, hukaa na mtu maisha yake yote, na uchafu usioondolewa hurundikana. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani madonge yenyewe ndiyo yanayoua seli, ila hakuna anayeona protini zilizokunjika vibaya kama jambo dogo.

Elimu hii ina uzito wa pekee kwetu. Katika kaunti za Pwani, Kwale na Kilifi zikiwemo, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayesahau majina ya watoto wake, anayetangatanga usiku au kusema peke yake, anaweza kuwa mgonjwa wa ubongo. Protini zake zimeganda, hajamroga mtu.

Donge linaloweza kutolewa

Ubongo haubadilishwi, na dawa za Alzheimer zilizopo, zikifaulu, hupunguza kasi ya ugonjwa tu. Lenzi hubadilishwa. Novemba 1949, huko London, daktari Harold Ridley alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani havikuwadhuru kama ilivyotarajiwa. Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikuwa ghali mno kwa Afrika. Mwaka 1994 kiwanda cha kuzitengeneza kilifunguliwa Asmara, Eritrea, kwa juhudi zilizoanzishwa na daktari wa macho Fred Hollows, na bei ikashuka sana.

Katika upasuaji uliozoeleka katika nchi zetu, jicho hutiwa ganzi, hukatwa tundu dogo pembeni, lenzi iliyoganda ikatolewa na mpya ikawekwa ndani ya kifuko kilekile. Tundu hujifunga lenyewe bila kushonwa. Kwa mpasuaji mzoefu, kazi yote haifiki nusu saa.

Kwale ilianza mapema. Kituo cha Macho cha Kwale kilianzishwa mwaka 1993 na daktari Helen Roberts, na kimekuwa kikiwafuata wagonjwa vijijini. Hata hivyo, si kila aliyepewa nafasi aliikubali. Mwaka 2010, utafiti uliofanyika Kenya na kumhusisha Dk Roberts uliuliza kwa nini watu wenye mtoto wa jicho hukataa upasuaji wa bure. Sababu moja iliyojitokeza ilikuwa woga uliolishwa na uvumi.

Basi ukweli ni huu. Hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kuondoa mtoto wa jicho. Matone ya lanosteroli yalileta matumaini mwaka 2015 baada ya kujaribiwa kwa mbwa, lakini majaribio yaliyofuata kwenye lenzi za binadamu hayakufaulu. Maji ya majani yanayotiwa machoni hayaifikii lenzi. Yanaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho na kuleta upofu usio na tiba. Kama nyumbani kwako yupo mzee ambaye mboni yake imeanza kuwa nyeupe, usimwambie ni uzee. Mpeleke zahanati iliyo karibu, uombe rufaa kwa daktari wa macho, na umsindikize mwenyewe hadi siku ya upasuaji.