Upimaji wa Halijoto ya Nje kwa Magari na Kiwango cha Usahihi Wake: Mfano wa Nduta, Wilayani Kibondo

Makala haya yanafafanua namna gari linavyopima halijoto ya hewa ya nje, na iwapo vipimo hivyo vinaweza kutegemewa katika utafiti wa nyanda za juu za Kigoma. Suala hili lina uzito Nduta, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa upya mwaka 2015. Magari ya huduma hupita huko mara kwa mara, na mtafiti asiye na kipimajoto chake huweza kushawishika kunukuu namba aionayo kwenye dashibodi.

Kifaa kinachopima ni sensa ndogo inayofungwa mbele ya gari, aghalabu nyuma ya bampa au mbele ya rejeta. Ndani yake mna themista, ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Kompyuta ya gari husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi za Selisiasi. Themista yenyewe huwa na usahihi wa kuridhisha. Kasoro kubwa hutokana na mahali ilipowekwa.

Gari linapokwenda, hewa mpya huipitia sensa bila kukoma. Linaposimama, joto la injini, la rejeta na la barabara iliyopigwa na jua huizingira, na kipimo huweza kupanda kwa nyuzi kadhaa. Ili kupunguza dosari hiyo, kompyuta za magari mengi huizuia namba isipande mpaka gari lishike mwendo. Kwa hiyo, namba inayoonekana gari likiwa limesimama huenda ni ya muda uliopita. Aidha, tope lililoganda juu ya sensa huchelewesha mabadiliko, na maji ya mvua yanapokauka juu yake huipoza kuliko hewa yenyewe.

Kituo cha hali ya hewa hufuata utaratibu tofauti: kipimajoto huwekwa ndani ya sanduku la Stevenson, jeupe na lenye kupitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi.

Athari ya tofauti hiyo hudhihirika katika safari ya kutoka Kigoma mjini hadi Kibondo. Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kibondo takribani mita 1,500. Kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, tofauti inayotarajiwa ni kati ya nyuzi 4 na 5. Kosa la gari lililosimama juani laweza kuifuta tofauti hiyo yote.

Hivyo basi, kipimo cha gari kinamfaa dereva, lakini hakitoshi kuwa data ya tabianchi. Mtafiti anayelazimika kukitumia akichukue gari likiwa katika mwendo wa kutosha, akilinganishe na kipimajoto kilichohakikiwa, na aeleze utaratibu huo katika sura ya mbinu za utafiti.