Kansa ya kinywa na ya koo: kipimo cha virusi chasema nini?

Kidonda cha kinywani kilichokaa majuma matatu bila kupona si kitu cha kuchezewa. Vivyo hivyo uvimbe wa shingoni usiouma na usiopungua. Mtu husukutua maji ya chumvi, hutafuna mizizi, hungoja. Naye anapongoja, ugonjwa haungoji. Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Basi aonaye dalili hizi aende mapema kwa mganga wa hospitali.

Lakini leo, wapenzi wasomaji, twataka kueleza jambo linalokuja baadaye. Mgonjwa akiisha kuonekana ana kansa, pengine waganga huipima tena nyama ya kidonda chake, wapate kujua kama kansa hiyo imeletwa na virusi. Jibu la kipimo hicho laweza kuleta matumaini nyumbani. Lisipoeleweka, laweza kuleta ugomvi kati ya mume na mke. Yatupasa kujua kipimo hicho chasema nini, na jambo gani hakiwezi kulisema.

Majirani wawili wasio ndugu

Fungua kinywa mbele ya kioo. Mbele waona midomo, ufizi, mashavu kwa ndani, na ulimi. Nyuma kabisa, pasipoonekana vizuri, ndipo penye shina la ulimi na tonsili, yaani zile tezi mbili zilizo kushoto na kulia mwa koo. Sehemu hizi ni majirani, lakini kansa zake si ndugu.

Kansa ya mbele mara nyingi ni mtoto wa tumbaku na pombe: sigara, kiko, tumbaku ya kutafuna, na vileo vikali. Atumiaye tumbaku na pombe pamoja hujizidishia hatari. Huko India, kutafuna tambuu yenye popoo kumewaletea watu wengi ugonjwa huu.

Kansa ya nyuma yaweza kuwa na mzazi mwingine: virusi vya papiloma, ambavyo waganga huviandika kwa herufi HPV. Virusi hivi vina namna zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa. Nyingine huleta chunjua za ngozi tu. Namna ya 16 ndiyo adui mkubwa. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliitambua mwaka 1983 katika kansa ya mlango wa kizazi, na mwaka 2008 alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo wa 1983, huko Finland, Kari na Stina Syrjänen pamoja na wenzao waliandika kwamba waliona dalili za virusi hivyo katika kansa za kinywa pia. Mwaka 2000, Maura Gillison na wenzake wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, walitangaza kwamba walipima kansa 253 za kichwa na shingo. Virusi vilionekana katika 62, yaani karibu robo, hasa katika zile za tonsili na koo. Katika kila 10 zenye virusi, 9 zilikuwa na ile namna ya 16.

Kwetu Afrika, kansa za namna hii zenye virusi zimeonekana mara chache kuliko Marekani na Ulaya ya kaskazini. Hata hivyo zipo, na familia yenye mgonjwa yahitaji kuelewa.

Kipimo hufanywaje?

Mganga hutia ganzi, hukata kipande kidogo cha nyama, na kukitia katika formalini kisioze. Kisha kipande hufunikwa kwa nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Kwanza watazama kama ni kansa kweli. Baadaye watafuta protini iitwayo p16.

Sababu ni hii. Kila chembe hai ya mwili ina walinzi wanaoizuia isizaliane ovyo. Virusi vikisha kukaa ndani yake, huvunja nguvu za mlinzi mmoja aitwaye Rb. Hapo chembe hujaa p16, kana kwamba yataka kujizuia, lakini bure. Katika kansa ya koo, 70 katika kila chembe 100 au zaidi zikishika rangi kwa nguvu, jibu huandikwa kuwa ni chanya.

Basi p16 ni kama moshi: huonyesha kwamba pengine kuna moto, lakini moshi si moto wenyewe. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walitangaza habari za wagonjwa 7,654 wa kansa ya koo waliopimwa kwa njia mbili, yaani p16 na alama za virusi vyenyewe. Katika kila wagonjwa 100, karibu 9 walikuwa na majibu yasiyopatana. Kwa hiyo, penye uwezo, waganga huongeza kipimo cha pili kinachotafuta virusi vyenyewe ndani ya nyama ileile.

Je, kila mgonjwa apimwe? Sivyo. Mwaka 2018 chama cha wanapatholojia wa Marekani kilitoa maagizo: wapimwe wote wenye kansa mpya ya kawaida ya tonsili, ya shina la ulimi na ya sehemu za jirani nyuma ya kinywa. Wenye kansa ya mbele wasipimwe kwa desturi, kwa maana huko virusi si chanzo cha kawaida, na jibu halibadili matunzo yao. Hivyo mgonjwa wa kansa ya ufizi asiyepimwa virusi asidhani kwamba amedharauliwa. Wala jamaa zake wasiuze mbuzi kulipia kipimo hicho. Fedha hizo zitafaa zaidi kwa safari na dawa.

Kinachosemwa na kipimo

Kipimo chasema juu ya matumaini. Mwaka 2010 Kian Ang na wenzake wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 323 wa kansa ya koo. Baada ya miaka mitatu, katika kila 100 wenye virusi walikuwa hai 82. Katika kila 100 wasio na virusi walikuwa hai 57. Tofauti hiyo ni kubwa hata waganga, tangu mwaka 2018, huhesabu hatua za kansa hizi mbili kwa vipimo mbalimbali.

Lakini matumaini si ruhusa ya kuacha dawa. Katika Uingereza, Ireland na Uholanzi, wagonjwa 334 wenye kansa ya virusi walipewa mionzi pamoja na dawa; wengine dawa kali ya sisplatini, wengine setuksimabu, iliyodhaniwa kuwa nyepesi zaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Baada ya miaka miwili, katika kila 100 wa sisplatini walikuwa hai zaidi ya 97. Wa ile nyingine walikuwa 89. Aliyeambiwa kwamba kansa yake ni ya virusi na afuate matunzo yote aliyoagizwa, tena aache sigara, kwa sababu tumbaku humpunguzia matumaini yake.

Kisichosemwa na kipimo

Hapa, baba na mama, sikilizeni vema. Virusi hivi huambukizwa katika tendo la ndoa, na pia kinywa kigusapo viungo vya siri. Basi wengine wakisikia jibu huuliza mara moja: Nani amekosa uaminifu? Kipimo hakiwezi kulijibu swali hilo. Watu walio wengi hukutana na virusi hivi wakati fulani wa maisha yao, na kwa kawaida mwili huvishinda katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki kimya, na kansa huzuka baada ya miaka mingi, hata makumi ya miaka. Hakuna awezaye kusoma katika kipande cha nyama siku ya kuambukizwa, wala jina la mtu. Mke asimshitaki mumewe, wala mume asimfukuze mkewe, kwa jibu la darubini. Mgonjwa wa koo, asiyeweza kumeza vizuri, ahitaji uji laini na mtu wa kukaa naye, hukumu haimfai.

Tena virusi hivi haviambukizwi kwa kulala chumba kimoja wala kwa kula pamoja. Mgonjwa asitengwe na watoto wake. Mkewe hahitaji kipimo cha kinywa kwa ajili hiyo. Lakini apimwe mlango wa kizazi kama ipasavyo kila mwanamke wa umri wake.

Kwa wale wanaokua

Chanjo ya kuzuia namna ya 16 ipo. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2011, wa kwanza katika Afrika. Uingereza iliongeza wavulana mwaka 2019. Chanjo haiponyi kansa iliyokwisha kuingia. Humkinga mtoto kabla hajakutana na virusi, hasa akiwa na umri wa miaka 9 hadi 14. Basi wazazi waulize katika zahanati iliyo karibu nao kama chanjo hiyo inapatikana.

Nao wenye kansa, au jamaa zao, wamwulize mganga maneno matatu: Kansa iko mahali gani hasa? Je, yafaa kupimwa virusi? Na jibu litabadili nini katika matunzo? Mganga mwema hachoki kuulizwa.