Nomino za Kigujarati si ngeni kwa mwenye ngeli

Alfajiri, matatu za 46 zikiondoka Kawangware, hubeba wengi wanaokwenda kazini kwa Wahindi: dukani Biashara Street, jikoni Parklands, stoo za Ngara. Hao husikia Kigujarati kutwa. Miaka ikipita wanaelewa karibu yote yanayosemwa, ila kukizungumza wanasita. Naamini wanaweza, tena upesi, wakionyeshwa jinsi nomino zake zinavyojipanga.

Ziko za aina tatu: za kiume, za kike, na zisizo za kiume wala kike. Za kiume nyingi huishia na -o, za kike -i, na za tatu -u inayotokea puani. Chhokro ni mvulana, chhokri msichana, na chhokru ni mtoto tu, awe wa kiume au wa kike. Sifa nayo hufuata: saro chhokro, sari chhokri, saru chhokru, yaani mzuri kwa kila mmoja. Hapo ndipo wageni wengi hutoka jasho. Lakini mtu aliyelelewa akisema mtoto mzuri, kiti kizuri, gari zuri, upatanisho huo anao tangu utotoni. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno, Kigujarati hubadilisha mkia.

Jikoni ndiko mahali pazuri pa kuanzia. Rotlo ni mkate mnene, mara nyingi wa unga wa uwele. Rotli ni mwembamba, wa ngano, ndugu wa chapati yetu. Chamcho ni kijiko kikubwa, chamchi ni kidogo. Kwa vyombo na vyakula vya namna hii, -o hukuza na -i hupunguza, kama sisi tunavyosema jitoto na kitoto. Tahadhari moja: moto rotlo ni rotlo kubwa, hata likiwa limepoa, na nani rotli ni rotli ndogo, hakuna anayeuliza jina la mtu.

Wingi hauna taabu. Chhokro huwa chhokra, rotlo huwa rotla. Umbo hilo la -a hutokea pia kiambishi kinapoongezwa nyuma: chhokrane ni kwa mvulana, kama unapompa kitu au kumwambia jambo. Ghar ni nyumba, gharma ni ndani ya nyumba, gharthi ni kutoka nyumbani. Anayejua kazi ya -ni katika nyumbani hatapotea.

Ugumu upo, na haufai kufichwa. Dhobi, mfua nguo, ambaye ni dobi wetu, huishia na -i lakini ni wa kiume. Pani, maji, na ghi, samli, ni za aina ya tatu. Ghar haina irabu ya mwisho ya kukuonyesha njia. Dawa ni kutojifunza nomino ikiwa peke yake. Sema nanu ghar, nyumba ndogo, na ile -u ya nanu itakuambia aina yake.

Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni 55 wa lugha hii, na Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia, wakiwemo wasemaji wa Kigujarati, kuwa kabila la 44. Kwa hiyo Kigujarati ni lugha ya nchini pia. Wewe unayefanya kazi Parklands, chagua nomino tano za jikoni, kila moja na sifa yake, uzitamke mbele ya wenye lugha. Nanyi wenye lugha, wasahihisheni kwa upole.