Kompyuta Inapozimika Ghafla: Namna ya Kuitafuta Sababu

Miongoni mwa hitilafu zote zinazoweza kuipata kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ya shule, hakuna inayomtatanisha mtumiaji kama ile ya kuzimika ghafla. Mashine iliyoharibika kioo huonyesha kioo kibovu. Iliyoharibika kibao cha herufi hukataa kuandika. Lakini inayozimika ghafla haiachi neno. Mwalimu aliyekuwa akiingiza alama za mtihani wa muhula hujikuta anatazama kioo cheusi, feni imenyamaza, na kazi ya saa mbili imepotea. Akibonyeza swichi, pengine mashine huwaka kana kwamba hapakuwa na lolote, ikafanya kazi kwa robo saa, kisha ikazimika mara ya pili.

Hatua inayofuata aghalabu ndiyo yenye hasara kuliko hitilafu yenyewe. Mashine hupelekwa kwa fundi, naye, kwa kukosa dalili ya kushika, hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa gharama ya mwenye mashine. Au hutangazwa kuwa imekufa, ikatupwa stoo. Ilhali hutokea mara nyingi kwamba sababu ilikuwa ni vumbi tu, au plagi iliyolegea, mambo ambayo kuyaondoa hakuhitaji kununua chochote.

Kwanza hapana budi kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kuganda, kujiwasha upya, na kuzimika. Mashine iliyoganda bado ina umeme. Picha imebaki kiooni na feni zinazunguka, ila hakuna kinachoitika. Hapo mtuhumiwa ni programu, kumbukumbu au diski. Mashine inayojiwasha upya yenyewe mara nyingi imekutana na kosa kubwa ndani ya programu endeshi. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilipangwa tangu kiwandani ijiwashe upya kila inapopatwa na kosa la namna hiyo, na matoleo yaliyoifuata yakashika desturi hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba ule ukurasa wa buluu unaoeleza kosa hupita kabla haujasomwa. Mpango huo waweza kuondolewa, na ni vema uondolewe wakati wa uchunguzi.

Kuzimika kamili, yaani feni zote kusimama na taa zote kutoweka kwa mara moja, ni habari nyingine. Hii ni habari ya umeme, na yaweza kuwa na maana mbili tu: ama umeme haukuifikia mashine, ama mashine imejikatia umeme yenyewe kwa makusudi ili isiungue. Maana hii ya pili husahauliwa sana. Mtu huona ugonjwa mahali ambapo kwa kweli ameona kinga ikifanya kazi yake, na swali lililo sahihi huwa ni hili: mashine ilikuwa ikijikinga na nini?

Tuanze na umeme. Unaotoka ukutani, volti 230 katika Tanzania na 240 katika Kenya, ni wa mkondo geu, nao hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Kompyuta haiwezi kuutumia ulivyo. Kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya mashine, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, huugeuza kuwa wa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kwa kanuni za muundo wa ATX, uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995 na ambao kompyuta nyingi za mezani hufuata, kila moja ya volteji hizo tatu hairuhusiwi kupotoka kwa zaidi ya asilimia 5. Ile ya 12, kwa mfano, isishuke chini ya 11.4 wala isipande juu ya 12.6. Katika fungu la nyaya zinazotoka kisandukuni upo mmoja, kwa kawaida wa rangi ya kijivu, usiopeleka nguvu bali hupeleka habari. Maadamu mambo ni sawa, waya huo huwa na kiasi cha volti 5. Pawa saplai inapoona kwamba haiwezi tena kuzitunza volteji zake, huuteremsha waya huo hadi karibu na sufuri, na bodi kuu huisimamisha prosesa papo hapo, kabla haijaanza kukosea hesabu.

Na pawa saplai yenyewe yaweza kustahimili ukosefu wa umeme kwa muda gani? Mzunguko mmoja wa umeme wa ukutani huchukua milisekunde 20. Akiba iliyomo katika kapasita kubwa ya pawa saplai, inapobeba mzigo wake kamili, yatosha kwa milisekunde 16 au 17 hivi. Maana yake ni kwamba upungufu wa mzunguko mmoja tu waweza kuizima kompyuta iliyo kazini. Taa ya zamani yenye uzi haitaonyesha lolote zaidi ya kupepesa, kwa kuwa uzi wake hubaki na joto. Ndiyo maana mwenye nyumba huapa kwamba umeme haukukatika, naye husema kweli kama macho yake yalivyoona.

Jambo hili huonekana wazi jioni, wakati kila nyumba inapotumia umeme na volteji ya mtaa imeshuka. Tuchukue kwamba imefika volti 190, na kwamba waya mrefu na mwembamba unaoingia chumbani una ukinzani wa omu 1. Friji inapoanza, mota yake huvuta kwa kitambo kidogo mkondo ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida. Tuseme ampea 15. Kwa sheria ya Ohm volti 15 hupotea njiani, na kompyuta iliyoko kwenye waya huo huo hubakiwa na volti 175. Ikiwa pawa saplai yake imeandikwa kuwa ni ya volti 200 hadi 240, ina haki ya kukataa. Dawa hapa si prosesa mpya. Dawa ni kuitenga friji na kompyuta, au kuweka stabilaiza iliyo nzima. Kile kifaa chenye betri kiitwacho UPS husaidia zaidi, lakini nacho ni cha kutiliwa shaka. Betri yake ya risasi na asidi huishi miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, na iliyokwisha huangusha mzigo wake mara inapotakiwa kuubeba. Si ajabu kukuta kwamba UPS iliyonunuliwa kuzuia kuzimika ndiyo inayozima.

Sababu ya pili ni joto, na hapa ndipo fizikia ya darasani inapoonekana kwa uwazi. Prosesa ina mamilioni ya transista, na zile za karibuni zina mabilioni. Kila transista inapobadili hali, chaji kidogo hujazwa na kumwagwa, na nishati yake huishia kuwa joto. Nguvu inayotumika hivyo hulingana na mraba wa volteji ukizidishwa kwa idadi ya mabadiliko kwa sekunde. Prosesa ya mezani yaweza kutoa wati 90, ambazo ni karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 100, isipokuwa joto hilo hutoka katika kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha. Asiyeamini na akumbuke balbu ya namna hiyo ilivyomchoma vidole.

Joto hilo huondolewa na bamba la alumini au shaba lenye mapezi, ambalo feni hulipulizia hewa. Uwezo wa bamba hupimwa kwa ukinzani wa joto, yaani idadi ya nyuzi za Selsiasi zinazopanda kwa kila wati moja, na hesabu yake hufanana na sheria ya Ohm: halijoto ya prosesa ni halijoto ya hewa, ukijumlisha nguvu iliyozidishwa kwa ukinzani huo. Tuchukue bamba la nyuzi 0.4 kwa wati, nguvu ya wati 90. Prosesa itakuwa juu ya hewa kwa nyuzi 36. Katika chumba chenye nyuzi 22 itafika 58. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 33 itafika 69, na bado ni salama. Sasa vumbi lizibe nafasi kati ya mapezi hadi ukinzani uwe nyuzi 0.8. Chumba cha kwanza kitatoa nyuzi 94, nacho chumba cha pwani nyuzi 105. Mashine ile ile, yenye vumbi lile lile, itaendelea kufanya kazi katika mji wa baridi na kushindwa pwani. Hivyo si lazima aliyeuza mashine iliyotumika nchi ya ng'ambo awe amedanganya aliposema kwamba ilikuwa nzima.

Prosesa nyingi za siku hizi zikikaribia nyuzi 100 huanza kwa kupunguza kasi, na kwa hiyo kupunguza nguvu. Joto likizidi kupanda hata hivyo, hutoa amri ya kukata umeme. Hazikuwa hivyo zote tangu mwanzo. Mwaka 2001 wachapishaji wa Tom's Hardware walionyesha jaribio lililozungumzwa sana, ambamo bamba la kupozea liliondolewa mashine ikiwa kazini. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo na kuendelea; Athlon ya AMD ya wakati huo iliungua ikatoa moshi. Anayekasirishwa na mashine yake kuzimika na afikirie lile jingine ambalo lingetokea.

Mchunguzi basi aanze na saa, si na bisibisi. Muda ambao mashine huzimika ndio ushahidi bora alio nao. Inayozimika sekunde 4 hivi baada ya kuwashwa, kila mara, yaweza kuwa na swichi iliyonasa. Kwa kuwa kushikilia swichi kwa sekunde 4 ndiyo njia iliyowekwa ya kuzima kwa nguvu, mashine hudhani kuna kidole. Inayozimika papo hapo, kabla hata ya picha, huenda ina njia ya mkato, pengine skrubu iliyoangukia nyuma ya bodi. Inayozimika baada ya dakika 10 au 20, na upesi zaidi ikiwashwa tena ingali moto, hulia joto. Inayozimika tu kazi inapokuwa nzito, kama vile kuchezesha filamu au michezo, yaweza kuwa ni joto au ni pawa saplai iliyochoka. Na inayozimika bila mpango wowote, mchana na usiku, ichunguzwe soketi na ekstensheni yake kwanza.

Matoleo ya Windows ya miaka ya karibuni huweka daftari la matukio, na humo baada ya kuzimika ghafla huandikwa tukio namba 41. Wengi huliona wakafurahi kwamba chanzo kimepatikana. Tukio hilo husema tu kwamba mashine ilianza tena bila kufungwa vizuri kabla yake, jambo ambalo mwenyewe alikwisha kulijua.

Baada ya hapo kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukianza na kisicho na gharama. Ondoa ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani, kisha ngoja. Hamishia soketi nyingine, kisha ngoja. Hapo ndipo mashine ifunguliwe, baada ya kuchomolewa, na vumbi litolewe kwa brashi laini na hewa, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Ikiwa bamba limeng'olewa, pesti ya zamani iliyokauka ifutwe na mpya ipakwe kidogo tu; kazi yake ni kujaza vinyweleo kati ya metali mbili, na tabaka nene huzuia joto badala ya kulipitisha. Anayebadilisha vitu vitatu kwa siku moja na mashine ikapona hajui kilichoiponya, wala hatajua la kufanya itakapougua tena.

Bodi iliyo wazi itazamwe pia kapasita zake, vile vikopo vidogo vyenye kifuniko cha metali. Kifuniko chapaswa kuwa bapa. Kilichovimba au kuvuja maji ya kahawia ni kapasita iliyokufa. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na ya kati ya 2000 zilipata kapasita zenye umajimaji mbovu. Hata zilizo njema huzeeka kwa joto: kwa kanuni ya kukadiria ambayo wahandisi huitumia, kila nyuzi 10 zinazopunguzwa huongeza maisha yao maradufu. Vumbi, kwa hiyo, hudai malipo mara mbili.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na mwanafunzi wala na mwalimu. Volti 230 za mkondo geu zikinyooshwa hufikia kilele cha 230 mara kipeo cha pili cha 2, yaani volti 325, na katika nyingi za kisasa zaidi ya hapo. Kapasita iliyomo huweza kubaki na chaji hiyo baada ya plagi kuchomolewa, nayo yaweza kuua. Njia iliyo salama ni kuazima kutoka mashine iliyo nzima pawa saplai ya muundo ule ule, yenye wati zisizopungua na nyaya zake zenyewe, na kuijaribu. Mashine ikikaa siku mbili bila kuzimika, shauri limekwisha.

Laptopu ina habari yake. Betri ya lithiamu iliyozeeka huongezeka ukinzani wa ndani, na prosesa inapohitaji mkondo mkubwa kwa ghafla, volteji ya betri huanguka na mashine huzimika, ingawa kipimo kiooni kinasema imebaki asilimia 30. Kama haizimiki inapokuwa kwenye chaja lakini huzimika kwenye betri, hakuna haja ya kuifungua.