Nta ya Kulinda Rangi ya Gari

Leo twazungumza juu ya nta inayopakwa juu ya rangi ya gari.

Ye yote aliyelaza gari lake Mizingani, ukingoni mwa bahari, anajua: asubuhi kioo kina ukungu wa chumvi. Chumvi hiyo imo juu ya rangi pia. Huvuta unyevu wa hewa, na ikipata mahali palipochubuka hufika kwenye bati, kutu ikaanza. Jua nalo huifanya rangi ififie. Kupaka gari zima rangi upya ni fedha nyingi, na kwa mtu wa teksi ni siku kadhaa bila pato.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Tangu zamani mabaharia wa pwani hii hupaka jahazi sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayozama majini huipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hawangoji mbao zioze.

Nta za gari ni za namna mbili. Moja ni ya asili. Ile isifiwayo sana hutoka katika majani ya mkarnauba, mti wa jamii ya mnazi uotao Brazili. Huipa rangi mng'ao mzuri, lakini kwa jua na kuoshwa mara kwa mara huisha upesi. Nyingine hutengenezwa viwandani kwa kemikali, nayo kwa kawaida hudumu zaidi.

Usichague kwa mng'ao wa siku ya kwanza. Hata mafuta ya nazi yatang'arisha gari, kisha yatakamata vumbi. Wala usiamini miezi iliyoandikwa juu ya kopo. Aliyeiandika hakai Malindi.

Jaribu mwenyewe. Osha boneti kwa sabuni, likauke kivulini. Bandika ukanda wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi, katikati tangu mbele hata nyuma. Upande mmoja paka nta, nyembamba sana, kisha ifute kama kopo linavyoagiza. Upande wa pili uache mtupu. Ukiwa na makopo mawili, gawa boneti mafungu matatu, moja libaki bila kitu. Pasipo fungu hilo huna cha kulinganisha. Bandua ukanda, uandike tarehe katika daftari.

Kila juma osha gari, ndipo uninyizie maji. Osha kwanza, maana uchafu hudanganya. Penye nta maji hujikusanya matone ya mviringo, kama juu ya jani la jimbi. Penye rangi tupu hutandaa. Siku pande zote zitakapofanana, nta imekwisha. Andika tarehe hiyo, uhesabu majuma. Jaribio la kiangazi lirudie wakati wa masika, kwani huenda hesabu isiwe moja.

Ukiona madoa meupe, usiilaumu nta haraka. Maji ya visima vyetu vingi yana chokaa, yakikauka juani huacha alama. Futa gari lingali na maji.

Lakini chini ya gari, na ndani ya matao ya magurudumu, ndiko matope na maji ya chumvi yanakokaa, na huko nta ya boneti haifiki. Huko suuza kwa maji baridi mengi, hasa ukitoka ufukoni. Na palipokwisha kuota kutu, nta haiponyi: kutu hukwanguliwa yote, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe. Nta hungoja mpaka rangi hiyo ikauke kabisa.